Umbea umezidi, chumvi imezidi

Usiku mmoja baada ya Isha, mdogo wangu alirusha picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ilikuwa picha ya Ami amekaa barazani na kikombe chake cha kahawa, na kifuani amepachikwa muhuri mweusi wa pembe nane wenye maandishi meupe: UMBEA UMEZIDI. Kundi likalipuka. Binamu yetu wa Malindi akaomba atengenezewe wa mumewe, USINGIZI UMEZIDI. Shangazi akapata wake, MASWALI YAMEZIDI. Ami mwenyewe alijibu kwa vile vikatuni vya kulia kwa kicheko, mstari mzima, halafu akauliza kama anaweza kuifanya hiyo ndiyo picha yake ya wasifu.

Mama haandiki, yeye hutuma sauti. Sauti yake ilifika wakati wengine tumeshaanza kusinzia. "Hicho cheusi mlichompiga ami yenu ni kitu gani? Mbona kama kile kibao cha barabarani cha kusimamisha magari?"

Nikamweleza. Kwamba huko Mexico, Chile, Peru na kwingineko, chakula cha pakiti chenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi hupigwa muhuri wa aina hiyo mbele, pale pale jicho linapoanguka. Kwamba hapa Kenya, mwaka 2025, Wizara ya Afya ilizindua kipimo cha kuamua bidhaa ipi imevuka mpaka wa sukari, chumvi na mafuta, kipimo ambacho mihuri ya onyo hujengwa juu yake. Kwamba mdogo wangu amekuwa akifuatilia mabishano ya watu mitandaoni juu ya jambo hilo, na huko ndiko utani wake ulikotoka.

Kimya kidogo. Kisha sauti ya pili, ya sekunde sita: "Na vidonge vyangu vya mchuzi, navyo vingepigwa?"

Hakuna aliyemjibu usiku ule. Kwa sababu ya zile sekunde sita ndipo nimekaa kuandika.

Mama ana presha, huu mwaka wa nne. Siku aliyopimwa ikaonekana iko juu, muuguzi alituandikia kwenye karatasi maneno mawili: punguza chumvi. Tuliyatii maneno yale kama tunavyojua sisi kutii. Kile kibakuli cha chumvi kilichokaa mezani kwetu tangu nikiwa mtoto, cha udongo, kimepasuka ukingoni, tukakiondoa na kukipandisha juu ya kabati. Mchuzi wa Mama ukawa chapwa. Watu wakija kula wanasifu samaki, wanasifu wali, mchuzi hawautaji. Mwanamke aliyepika harusi za nusu ya mtaa hawezi kuvumilia jambo kama hilo. Ndipo vikaingia vile vidonge vya mchuzi, vya kubomoa kwa vidole na kunyunyiza sufuriani. Kilianza kimoja, vikawa viwili, mwaka haukuisha vikawa vitatu kwa sufuria moja ya watu watatu.

Na sisi tulifurahi. Nakumbuka nilimwambia kwa kinywa changu, "Mama, umejulia. Ladha imerudi na chumvi hutii hata punje." Presha haikushuka. Dawa ikaongezwa. Tukalaumu joto la Mombasa, tukalaumu mawazo, tukamlaumu jirani anayepiga muziki hadi usiku wa manane. Hakuna hata mmoja wetu, na katika familia yetu tuna watu waliosoma hadi chuo kikuu, aliyewahi kukigeuza kile kidonge kukitazama.

Asubuhi baada ya zile sauti nilikwenda jikoni kwake nikakigeuza. Kikaratasi cha rangi ya dhahabu, jina la kampuni, picha ya kuku. Nyuma hakuna neno. Mama hununua vitatu vitatu, kama anavyonunua kila mtu mtaani. Maelezo ya kilichomo yamechapishwa kwenye boksi, na boksi hubaki kwenye rafu ya mwenye duka.

Sasa turudi kwenye utani, maana nimesoma watu wengi wanaosema kwamba kuifanyia mzaha mihuri ya onyo ni dalili kuwa watu wameipuuza. Mimi naamini kinyume chake, na ushahidi wangu wa kwanza ni Mexico.

Kabla ya mwaka 2020, pakiti za Mexico zilikuwa na vijisanduku vya asilimia: sehemu moja ya bidhaa hii ina asilimia kadhaa ya mahitaji yako ya siku. Ulitakiwa ujue sehemu moja ni kiasi gani, pakiti ina sehemu ngapi, kisha uzidishe, umesimama dukani na mtoto anakuvuta nguo. Watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya umma ya huko waliwapa wanafunzi wa lishe lebo zile wazisome. Walioyajibu maswali yote sawasawa hawakufika asilimia 2. Hao ni watu wanaosomea kazi hiyo hiyo.

Oktoba 2020 kanuni mpya, NOM-051, ikaanza kutumika. Vijisanduku vikatoka, ikaingia mihuri myeusi ya pembe nane: EXCESO AZÚCARES, EXCESO SODIO, EXCESO CALORÍAS (yaani sukari, sodiamu ile iliyomo ndani ya chumvi, na kalori kupita kiasi) na mingine, kila mmoja ukitaja kitu kimoja kilichozidi. Kama bidhaa ina kafeini au vitamu bandia, huongezwa na mstatili unaosema haifai kwa watoto. Hakuna hesabu ya kufanya. Unahesabu mihuri tu, na hata asiyejua kusoma anaihesabu.

Ilikuwa katikati ya korona, na nyoyo za watu zilikuwa zimechubuka. Miezi michache nyuma, Hugo López-Gatell, naibu waziri wa afya aliyekuwa akisimama mbele ya taifa kila jioni kusoma idadi ya waliokufa, aliiita soda sumu iliyotiwa kwenye chupa. Wengi walimshukia, wakamwambia anatafuta wa kumtwisha mzigo wa vifo vile. Agosti jimbo la Oaxaca likapiga marufuku kuwauzia watoto soda na vyakula hafifu vya pakiti, na mabishano yakazidi kuchemka. Kwa hiyo mihuri ilipofika madukani ilikuta watu wameshakasirika, na nusu ya walioipiga picha na kuiposti waliiposti kwa kuizomea.

Halafu kikaja kicheko. Watu wakaanza kupigana mihuri wao kwa wao. Wapenzi wa zamani, wanasiasa, mabosi, paka wa nyumbani, kila mmoja akapata cha kwake kilichozidi. Hivi ndivyo mdogo wangu alivyokuja kumpiga Ami muhuri, miaka baadaye, ng'ambo ya bahari mbili, kwa lugha ambayo Wamexico hawaijui.

Fikiri inachohitaji utani ule ili uchekeshe. Lazima kila anayeuona awe anaijua sura ya muhuri, rangi yake, na maana yake, tena aijue papo hapo bila kuelezwa, maana utani unaoelezwa umeshakufa. Miaka yote lebo za asilimia zilipokuwa kwenye pakiti, nani alimchorea mpenzi wake jedwali la virutubishi? Jedwali lile halikuwahi kuingia kinywani mwa mtu. Mama hakuwahi kuniuliza juu ya jedwali. Aliniuliza juu ya muhuri, kwa sababu alimwona shemeji yake kapigwa.

Chile ilitangulia. Sheria yao, iliyopigiwa debe miaka na miaka na Seneta Guido Girardi, daktari wa watoto, ilipitishwa mwaka 2012 na mihuri ikaanza kuonekana Juni 2016. Huko nako walicheka, na huko nako watu walilinganisha umbo lile na kibao cha kusimamisha magari, kama Mama alivyosema bila kuambiwa na mtu. Lakini jambo la Chile lililonishika ni la watoto. Watafiti walikaa na kina mama wa Santiago wakawasikiliza. Wakasimuliwa kwamba watoto wadogo ndio waliokuwa wakigeuza pakiti dukani na kusema hii ina mihuri, mwalimu hataki tulete shuleni. Nilisoma hayo nikamkumbuka mtoto wa dada yangu, mwenye miaka sita, ambaye hujua alama zote za barabarani kutoka kwetu hadi shuleni kwake na humkaripia dereva wa tuktuk akikiuka mojawapo. Mtoto wa umri ule akipewa alama, hailegezi.

Kuna wanaosema: hata mkipiga mihuri, watu watanunua tu. Kwa Chile hilo limepimwa. Katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza, ununuzi wa vinywaji vyenye mihuri ulishuka kwa karibu asilimia 24. Ni kweli kwamba mihuri haikuwa peke yake, kwani sheria ile ile ilizuia matangazo ya bidhaa hizo kwa watoto na kuziondoa shuleni. Ila viwanda vyenyewe vilisogea. Kabla ya sheria, asilimia 51 ya bidhaa zilizochunguzwa zingepaswa kuwa na muhuri angalau mmoja, na ilipoanza kutumika zikashuka hadi asilimia 44, kwa sababu baadhi ya kampuni zilipunguza sukari na chumvi ili zisipigwe. Kumbe walikuwa wanaweza kupunguza siku zote. Baadaye wakaanza hadi kujisifu kwenye matangazo kwamba bidhaa yao haina mihuri. Aliyewahi kuona mwenye duka akiwa na wasiwasi wa kusemwa na mtaa ataelewa nguvu ya jambo hilo.

Hasira nyingine ilikuwa ya wanyama wa kwenye maboksi. Chile ilimfuta yule chui milia wa nafaka za asubuhi, Tony, kutoka kwenye boksi lake. Mexico nayo, mwaka 2021, ikakataza wahusika wa aina hiyo kwenye bidhaa zenye mihuri, na tembo Melvin wa Choco Krispis akaondoka. Watu wazima waliomboleza. Waliweka picha za boksi la zamani na la sasa ubavu kwa ubavu, wakasema mmetunyang'anya utoto wetu. Siwacheki. Mimi nina wimbo wa tangazo la soda kichwani tangu nikiwa darasa la pili, na nikiusikia leo namwona marehemu baba akirudi kutoka bandarini na kreti ya Idi. Kumbukumbu ile ni yangu na ni tamu. Lakini nimekuwa mtu mzima wa kutosha kujua kwamba wimbo ule ulitungwa na watu waliokuwa wanamlenga mtoto wa darasa la pili, na kwamba waliwekewa fungu la fedha kwa kazi hiyo.

Anayedhani haya ni mabishano madogo ya mitandaoni amsikilize Simón Barquera, mtafiti wa lishe wa Mexico, mmoja wa watu waliosukuma kodi ya soda iliyoanza mwaka 2014, peso moja kwa lita. Mwaka 2016, yeye na wenzake walipokuwa wakitaka kodi hiyo iongezwe, simu yake ilianza kupokea ujumbe. Mmojawapo ulimwambia binti yake amepata ajali mbaya, na hapo chini kuna kiungo cha kubofya. Februari 2017 wachunguzi wa Citizen Lab, wa Chuo Kikuu cha Toronto, walitangaza walichokikuta: viungo vile vilikuwa mtego wa Pegasus, programu ya kijasusi inayogeuza simu kuwa sikio na jicho la aliyeituma, na ambayo kampuni inayoiunda husema huiuzia serikali tu. Mtaalamu wa lishe, anayesema watu wanywe soda kidogo, anatumiwa habari ya uongo kwamba mwanawe yuko hospitali. Nilipoisoma hadithi ile niliacha kuamini kwamba muhuri wa pakiti ni jambo dogo. Hakuna anayehangaika hivyo kwa jambo dogo.

Hapa kwetu, mjadala nimeufuata kwa kusoma maoni ya watu chini ya kila taarifa ya habari, na yako matatu yanayorudi kila mara. La kwanza: serikali ituachie chipsi zetu. Hilo halinisumbui, muhuri haukatazi chipsi. Muhuri unahusu kilichofungwa kiwandani. Viazi karai vya Bi mkubwa wa kona havina pakiti, na mbaazi za nazi hazina pakiti. Wamexico nao walibishana hivi hivi juu ya chakula chao cha barabarani, na wengine wakauliza mbona mfuko wa sukari wenyewe hauna muhuri. Hauna kwa sababu anayenunua sukari anajua kanunua sukari. Muhuri ni wa kumwambia aliyenunua mtindi wa matunda, au biskuti za chumvi, au juisi yenye picha ya embe, kitu asichokijua.

La pili: mwenye njaa hasomi muhuri. Hilo linauma, na wanaolisema wengi wanasema kutoka moyoni. Ni kweli kwamba muhuri haushushi bei ya mchicha. Ni kweli kwamba mtu aliyebeba shilingi mia kulisha wanne ataangalia kinachojaza tumbo. Ila nawaomba watazame nani hasa hupata madhara ya kutojua. Mwenye nacho ana daktari wake, ana muda wa kusoma, ana mtu wa kumpikia bila vidonge. Mama ndiye anayenunua vitatu kwa siku. Karatasi yake ya muuguzi ilikuwa na maneno mawili, na yale maneno mawili tukayapeleka kabatini badala ya sufuriani. Katiba yetu, kwenye kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi kile alichokinunua. Haikusema mnunuzi mwenye miwani mizuri na shahada.

La tatu ni la kidogo kidogo. Watu wameuliza, na ni swali la watu wanaoijua nchi hii: sisi tunanunua kadogo, kijipakiti cha shilingi kumi, kidonge kimoja, biskuti mbili zilizotolewa kwenye paketi kubwa. Huo muhuri utakaa wapi? Hapo nilikwama mimi mwenyewe, hadi nikasoma kanuni ya Mexico kwa makini. Nao wana vijipakiti. Kwa kifungashio ambacho uso wake hauzidi sentimita za mraba 40, hawataki mihuri yote. Wanataka muhuri mmoja mdogo wenye namba ndani: 1, 2, 3, kulingana na mangapi yamezidi. Namba tu. Ingetosha kwenye kikaratasi cha dhahabu, pembeni ya yule kuku.

Siwezi kudai kwamba Wamexico wamemaliza kazi. Wapo waliochapisha pakiti zenye nyuso mbili, mmoja una mihuri na mwingine hauna, na kwenye rafu ule mtupu ndio unaotazama watu. Waliofichua ujanja huo kwa picha ni wanunuzi wa kawaida, kwa simu zao, kwenye mitandao ile ile ambako walianza kwa kuizomea mihuri. Huo ndio mwendo nilioupenda kuliko yote. Watu walianza kwa kukasirika wakapita kwenye kicheko, na mwishoni wakawa ndio walinzi wa muhuri.

Lakini kuna jambo moja ambalo Wamexico hawawezi kutusaidia nalo, nalo ni lugha. Chile waliandika ALTO EN, yaani ina kiwango cha juu cha kitu fulani. Wamexico, walioanza baadaye, wakachagua neno kali zaidi, EXCESO, la kusema kitu kimepita kipimo. Sisi tutaandika nini? Nimeona vielelezo vimesambazwa vya Kiingereza, na vichache vya Kiswahili vinavyosema "ina kiwango kikubwa cha sodiamu". Nilimsomea Mama. Akaniuliza sodiamu ni nani.

Hata tukiacha sodiamu tukasema chumvi, bado kazi ipo. "Chumvi nyingi" haitishi mtu wa pwani. "Nyingi" kwetu ni neno la heri, tunashukuru asante nyingi na kutakiana baraka nyingi, na chai ya mgeni ikiwa na sukari kidogo mwenye nyumba huona aibu. "Imekolea" ndiyo kabisa, hiyo ni sifa, ukimwambia mpishi chumvi imekolea umempa maua. Neno tulilo nalo la kosa, linalosemwa jikoni kila siku na mtu aliyeonja na kukunja uso, ni imezidi. Chumvi imezidi. Sukari imezidi. Mafuta yamezidi. Kila mtu aliyewahi kupika kwa Kiswahili amewahi kuambiwa neno hilo na likamchoma. Halihitaji kamusi wala somo la afya. Tena ni fupi na linakaa kwenye pembe nane bila kubanwa.

Mdogo wangu hakufikiria lolote kati ya haya. Alitaka kumtania Ami. Alipotafuta Kiswahili cha EXCESO, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye neno la jikoni, akaandika UMBEA UMEZIDI. Nadhani amewashinda wote waliokaa mezani kutafsiri. Sijui kama wanaoandika viwango huko Nairobi hupita kwenye vikundi vya familia za watu kutafuta maneno, lakini kama kuna mmoja anayesoma hapa, neno tunalo.

Jioni ya siku ile niliyokigeuza kidonge, nilikwenda dukani. Mwenye duka ni mtu mzima wa makamo, tumemzoea, hunipa mkopo wa maziwa. Nikamwomba boksi la vidonge. Akalitoa nyuma ya viberiti, akalipangusa vumbi, akaniangazia kwa tochi ya simu kwa sababu maandishi yalikuwa madogo kama ya hirizi. Tulisoma wote wawili, vichwa vimegusana. Kwa kila gramu 100, sodiamu miligramu 22,000. Kidonge kimoja, gramu 4. Akanisogezea kikokotoo chake chenye vitufe vilivyofutika. Miligramu 880 za sodiamu kwa kidonge. Ili uipate chumvi unazidisha sodiamu kwa 2.5. Gramu 2.2. Zaidi ya nusu ya kidonge ni chumvi.

"Mama yako huchukua vitatu," akasema. Anawajua wateja wake.

Vitatu ni gramu 6.6, sufuria ya watu watatu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku nzima, kwa vyakula vyote. Mama alikuwa akila karibu nusu ya hiyo kwenye mchuzi wa usiku peke yake, kabla ya kuhesabu mkate na mengineyo, tena ndani ya nyumba ambayo sote tulikuwa tukijipongeza kwamba haina chumvi. Mwenye duka alilitazama boksi kwa muda. Akaniambia yeye pia anameza dawa za presha, tangu mwaka jana, na mkewe hutia viwili. Akapiga picha ule upande wa maandishi, akaikuza kwa vidole, akaituma kwa mtu.

Nilirudi kwa Mama nikamweleza hesabu yote, polepole, nikiogopa atajilaumu au atatulaumu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anachambua mchicha, na mikono yake haikusimama.

"Kwa hiyo ile chumvi mliyoniondolea," akasema, "mlikuwa mnanirudishia kwenye karatasi ya dhahabu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi nirudishieni kibakuli changu. Chumvi nikiiona, mimi najua kuipima."

Nikapanda kigoda nikakiteremsha kutoka juu ya kabati. Chumvi iliyokuwemo ilikuwa imeshikana ikawa kama jiwe. Mama akaigonga kwa ncha ya kijiko, akavunja kipande, akakisaga kati ya vidole viwili juu ya sufuria, akaonja, akafunika.